Magoli ya Kushoto

Sia Mrema alizaliwa katika kambi ya polisi mjini Moshi, na kabla hajajua kusoma alikuwa anajua kona fupi ni nini. Baba yake alikuwa beki wa timu ya polisi ya mpira wa magongo. Jioni alimchukua uwanjani, akamkalisha juu ya mfuko wa magongo ya akiba na kumwonya asiondoe macho kwenye mpira, kwani mpira ule ni mgumu kama jiwe na haujali mtoto ni wa nani.

Alipokuja Durban, Afrika Kusini, kusuka nywele hakutegemea kuukuta mchezo huo tena. Kumbe watu wa Chatsworth, kitongoji cha Wahindi, walikuwa wakiucheza tangu enzi za babu zao, wakiuita hoki tu. Mwaka 1997 tajiri mmoja wa mambo ya meli akaunda timu ya kulipwa kule Bluff, juu ya bandari, akaiita Harbour Rovers. Wachezaji aliwaokota huku na huko, na golikipa akamtoa Zanzibar, kijana mrefu, mkimya, aitwaye Pandu Haji.

Mara ya kwanza Sia alikwenda kutazama kwa udadisi tu. Akamsikia golikipa akiwafokea mabeki wake, "Rudi, rudi, usimwache peke yake," kwa Kiswahili, mbele ya Wahindi na Wazulu na Makaburu wasioelewa hata neno moja. Sia akacheka peke yake jukwaani mpaka majirani wakamgeukia. Tangu siku hiyo akawa mtu wa Rovers. Jumamosi, siku ambayo kila mwanamke wa mjini anataka kusukwa, yeye alifunga kazi saa sita na kupanda taxi ya Bluff. Mechi ikiisha alimsubiri Pandu kwenye uzio wamalize habari za nyumbani, naye Pandu akamwita dada Sia.

Msimu wa kwanza ulikuwa wa raha. Wa pili, mwaka 1998, ulikuwa wa mateso.

Rovers walifungwa mechi ya ufunguzi, wakasema ni bahati mbaya. Wakafungwa ya pili, wakamlaumu mwamuzi. Kufika Juni walikuwa wako mkiani, na kila walipopata goli walirudishiwa kabla jukwaa halijamaliza kushangilia. Sia alirudi nyumbani South Beach akiwa hana sauti. Alipika bila kuonja. Usingizini alipiga teke ukuta. Mume wake, Léonidas, Mkongo wa Uvira aliyekuwa akiuza simu katika duka moja la mjini, hakujua gongo linashikwa upande gani, ila alijua mke wake anaisha.

"Sia, ile équipe ya hoki inakupa nini?" alimwuliza siku moja. "Unatokaka hapa muzima, unarudia mugonjwa."

Sia angemwambia nini? Kwamba sauti ya gongo likiupata mpira sawasawa ilikuwa sauti ya baba yake? Aliendelea kuosha vyombo.

Jumamosi moja ya Julai, Rovers waliongoza mbili kwa moja dhidi ya timu ya Pietermaritzburg. Dakika zilikuwa karibu kwisha, watu wamesimama, ngoma ya Rajen inapigwa. Rajen alikuwa dereva wa basi kutoka Chatsworth, mtu wa makamo mwenye kifua kipana, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa mashabiki. Hapo mshambuliaji wa wageni akausukuma mpira kutoka pembeni, polepole, kama mtu anayeusindikiza. Bibi kizee angeuzuia kwa kandambili. Pandu hakusogeza hata mguu. Mpira ukapita kando ya kiatu chake cha kushoto, ukagonga ubao wa goli.

Ngoma ikanyamaza. Muda mfupi baadaye wageni wakapata la tatu.

Nyuma ya jukwaa, kwenye kibanda cha chai, Rajen alimwendea Sia. Akamwambia kwamba yeye na golikipa wanatoka nchi moja, wanazungumza kila wiki, basi amweleze: huyu mtu ana nini?

Sia alikuwa bado ana hasira. "Golikipa mzima hafungwi vile," alisema. "Labda kuna mtu amemnunua."

Alilisema kama mtu anavyosema mvua hii imelogwa. Akamaliza chai, akapanda taxi, na kufika Point Road alikuwa ameshalisahau.

Neno lenyewe halikumsahau. Mechi iliyofuata ya nyumbani, alipokuwa akitafuta mahali pa kukaa, aliwasikia wanaume wawili wa gatini wakizungumza mbele yake. Mmoja alikuwa akimhakikishia mwenzake kwamba golikipa anauza mechi, kwamba si uvumi, hata dada yake wa nyumbani, yule msusi, amethibitisha. Sia alitaka kumgusa bega na kumwambia msusi mwenyewe ni mimi na sikuthibitisha kitu. Badala yake akakaa.

Kabla ya mapumziko Pandu alifungwa, na chupa ya plastiki ikatua kwenye kapeti la nyasi bandia. Alipofungwa la pili zikatua nyingi. Kisha sauti moja ikapaa kutoka safu za juu, "Kwerekwere, rudi kwenu," na nyingine zikaidaka, mpaka upande mzima wa jukwaa ukawa unaimba tusi hilo la kuwatukana wageni huku ukipiga miguu. Walikuwa watu waliokula na Sia sambusa kwenye mfuko mmoja. Mama mmoja aliyeketi karibu naye aliona uso wake, akampapasa goti na kumwambia asijali, hawamsemi yeye, yeye ni wao.

Kule golini Pandu alikuwa amesimama wima ndani ya kofia yake ya chuma, mikono ikining'inia, akitazama mbele. Kama alielewa, hakuonyesha.

Mechi ilipokwisha Sia alimtafuta Rajen akamwambia kwamba hakusema vile walivyoeneza, alisema labda, na alisema kwa hasira. Rajen alimsikiliza akifunga ngoma yake kwa kamba. Akajibu kwamba labda au si labda, macho anayo. Kisha akashusha sauti. Baadhi ya vijana wa gatini, alisema, walikuwa wameapa kwamba Rovers wakishuka daraja kwenye mechi ya mwisho, golikipa hatatoka uwanjani kwa miguu yake. Yeye Rajen hakupendezwa na maneno hayo, lakini hakuwa na uwezo wa kuwazuia.

Alilisema hilo taratibu, bila chuki, na ndiyo sababu Sia alimwamini.

Usiku ule alimweleza Léonidas kila kitu. Alitegemea amcheke au amkemee. Léonidas alizima redio. Kule Uvira, alisema, aliona jirani akitajwa na mtu mmoja tu, kwa neno moja tu, tena mtu mwenyewe akiwa amelewa. Hakueleza jirani yule alipatwa na nini.

"Neno ikishatoka, haiko yako tena," alisema. "Enda umuone. Kesho asubuyi, usingoje."

Pandu alikaa ghorofa ya sita katika jengo moja la South Beach, chumba kimoja chenye dirisha linaloelekea bahari. Sia alimkuta kwenye ujia, amepiga magoti na ndoo ya maji ya sabuni, akiusugua mlango wake. Mtu alikuwa ameuandika lile tusi kwa rangi nyekundu. Herufi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kufutika, za mwisho bado zilisomeka.

"Karibu, dada Sia," alisema. "Nilidhani ni wao."

Ndani palikuwa safi na patupu. Sia alikuwa amemletea vitumbua ndani ya bakuli. Alimnyooshea, na Pandu, aliyekuwa akikung'uta mkeka, hakulipokea. Sia akasubiri mkono ukiwa hewani. Hakulitazama hata bakuli lenyewe. Basi akaliweka kwenye kona ya meza, upande aliosimama Pandu, naye alipogeuka kuvuta kiti, kiwiko chake kikalisukuma, likaanguka, vitumbua vikatawanyika sakafuni.

Pandu aliinama haraka akaanza kuviokota huku akiomba radhi. Alikuwa akigeuza kichwa kizima, kama mtu mwenye shingo ngumu. Sia alimtazama, na magoli ya msimu ule yakaanza kumjia moja baada ya jingine: lile la Pietermaritzburg, yale ya jana, lile la mchezo wa ufunguzi walilosema ni bahati mbaya. Yote yalikuwa yamepita upande mmoja.

"Pandu," alisema. "Jicho lako la kushoto lina nini?"

Pandu alimaliza kwanza kuokota vitumbua. Kisha akaketi na kumweleza. Wiki kadhaa kabla ya msimu kuanza, mazoezini, alikuwa amevua kofia ili anywe maji, na mpira uliopigwa na mwenzake ukampata juu ya shavu. Uvimbe ulipopungua aliona vizuri, akamshukuru Mungu. Baadaye zikaja cheche, halafu giza, kama mtu anavuta pazia kutoka kushoto, kidogo kila wiki. Daktari mmoja wa mjini alimwambia utando wa nyuma ya jicho umeanza kubanduka, aache kucheza siku ile ile na aende akapasuliwe. Pigo jingine moja la kichwa, na jicho litakuwa limekwenda.

"Na wewe ukarudi uwanjani."

"Kibali changu ni cha kuchezea Rovers, dada. Golikipa asiyeona hana mkataba, na asiye na mkataba hana kibali. Nilisema nimalize msimu. Tukibaki kwenye ligi watanipa mkataba mwingine, halafu nikatibiwe nikiwa bado mtu wao."

Sia alijua kwamba akiondoka bila kusema alichokuja kusema hatarudi tena. Akasema. Alimweleza kibanda cha chai, hasira yake, neno lake, jinsi lilivyokwenda. Hakujitetea kwa ile labda.

Pandu alitazama mlango wake uliolowa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. Hakupandisha sauti. "Pale uwanjani mimi nilikuwa nakusikia wewe peke yako. Wengine sijui hata wanasema nini."

Sia akafunika uso. Akamwambia atakwenda kwa Rajen sasa hivi, atawaeleza wote habari ya jicho, waone haya. Hapo ndipo Pandu alipopandisha sauti. Akamkataza. Kama alikuwa na nia ya kumtendea wema hata mmoja, basi anyamaze. Ilibaki mechi moja, na Rovers walihitaji sare tu. Bora aitwe mwizi kwa wiki moja kuliko kurudishwa Unguja mikono mitupu na jicho moja.

Walibishana mpaka jua likaingia chumbani. Mwishowe Sia aliapa kunyamaza. Alichoweza kukipata ni kitu kimoja: atasimama nyuma ya goli, kwenye uzio, na kuwa macho ya upande ule. Pandu alifikiri kidogo. Kushoto ni neno refu, alisema, mpira haulingojei. Upande wa kulia anauona mwenyewe. Basi Sia aite "chini" au "juu" tu, naye atajua ni kushoto, na atajua atoe mguu au mkono.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini na bendera za kona zilikuwa zimeinama kwa nguvu zake. Wageni walitoka Johannesburg, hawakuwa na cha kupoteza. Sia alipita nyuma ya jukwaa bila kumsalimu mtu akaenda kusimama kwenye uzio wa goli la mbali. Mlinzi alimwambia arudi kukaa na wenzake. Alimjibu kwamba yeye ni dada wa golikipa. Mlinzi akamtazama kwa huruma, akamwacha.

Mpira wa kwanza wa hatari ulikuja mapema. Mtu wa Johannesburg aliuvuta pembeni, akainua gongo, na Sia akaita "chini" kwa sauti ambayo hakujua anayo. Mguu wa kushoto wa Pandu ukatoka kama mlango unaofungwa kwa upepo. Mpira ukagonga kinga ya mguu ukarudi uwanjani. Jukwaa likaguna kwa mshangao. Wa pili aliutoa kwa mkono, hewani, baada ya Sia kuita "juu". Hakumgeukia hata mara moja. Lakini kila mpira ulipovuka katikati ya uwanja Sia aliona mabega yake yakitulia, yakimsubiri.

Kabla ya mapumziko Rovers walipata kona fupi, lile pigo la adhabu karibu na goli, wakafunga. Watu walikumbatiana. Kwa nusu saa nzima hakuna aliyelitaja lile tusi.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, na Sia akalazimika kuhamia upande wa pili, nyuma ya goli lililo karibu na jukwaa. Huko uzio ulikuwa umejaa. Vijana wa gatini walikuwa wamekwisha kushika nafasi zao, na Rajen amesimama katikati yao na ngoma yake. Sia alijipenyeza mpaka akafika mbele. Hawakumpisha kwa furaha.

Ngoma ilikuwa ikimpiga masikioni. Wageni walishambulia, akaita, hakuna aliyesikia, ila mpira ukatoka nje wenyewe. Wakashambulia tena, akaita mpaka akakwaruzika koo, na Pandu akautoa kwa ncha ya kiatu. Kijana mmoja mwenye koti la buluu la kazini alimgeukia, akamwuliza anamwambia nini yule mtu. Sia aliendelea kutazama uwanjani. Kijana akawaambia wenzake kwamba huyu mwanamke anampa golikipa ishara kwa lugha yao, watazameni, wanakula pamoja.

Mkono ukamkamata Sia juu ya kiwiko. Alijaribu kujinasua. Kijana alimtaka aseme lugha ambayo kila mtu anaielewa au anyamaze. Na wakati Sia amegeuka kumwambia amwachie, mpira ulipigwa. Hakuuona. Alisikia tu ubao wa goli ukilia, na aliporudisha uso Pandu alikuwa anatazama kushoto kwake, kule ambako mpira ulikuwa tayari umelala.

Sasa ilikuwa goli moja kila upande. Sare bado ilitosha. Lakini lile tusi likarudi, na safari hii lilianzia pale pale alipokuwa amesimama.

Rovers walikaa nyuma wote, wakiusukumia mpira popote. Zilipobaki dakika chache beki wao mmoja aliugusa mpira kwa mguu ndani ya duara la goli, mwamuzi akanyoosha mikono miwili: kona fupi kwa wageni. Mabeki wanne wakajipanga kwenye mstari pamoja na golikipa wao. Rajen akaanza kuipiga ngoma kwa nguvu zote ili kuwapa moyo.

Sia alimsukuma kijana wa koti la buluu kwa bega, akafika kwa Rajen, akaweka kiganja chake juu ya ngozi ya ngoma.

"Inyamazishe," alimwambia. "Nakuomba. Anahitaji kunisikia."

Rajen alimtazama. Hakuelewa, hilo lilikuwa wazi, lakini aliona kitu usoni mwake. Akaishusha fimbo. Akawainulia wenzake mkono, na ile kona ya uwanja ikanyamaza kiasi kwamba upepo ulisikika kwenye waya.

Mpira ukatolewa, ukasimamishwa, na mpigaji wa Johannesburg akaingia kwa mwili mzima. Sia aliliona bega lake likifunguka. "Juu," aliita.

Pandu aliruka asikokuona. Kinga ya mkono wa kushoto ikaupata mpira kwenye pembe kabisa ya goli, ukadunda chini, mbele yake. Jukwaa lilipiga kelele, maana hakuna aliyewahi kuona mpira ukiokolewa namna ile. Mtu wa pili akaufikia, akaupiga kulia. Huo Pandu aliuona mwenyewe, akautoa akiwa amelala. Wa tatu akaupiga ovyo, ukagonga gongo la beki wa Rovers, ukabadilisha njia, ukapita juu ya wote waliokuwa chini na kuingia. Hata mwenye macho manne asingeuzuia.

Filimbi ya mwisho ililia muda mfupi baadaye. Rovers walikuwa wameshuka daraja.

Kijana wa koti la buluu aliruka uzio, na wengine wakamfuata. Wachezaji wa Rovers walikimbilia chumba chao. Pandu alikuwa bado amepiga magoti golini, akifungua mikanda ya kinga zake, na wao walikuwa wakimjia kutoka kushoto.

Sia hakukumbuka baadaye aliupandaje uzio ule. Sketi yake ilichanika pembeni na kiganja kilikuwa kinatoka damu. Alifika kabla yao kwa sababu alikuwa karibu zaidi na goli, akasimama kati yao na golikipa, akanyoosha mikono. Mmoja alikuwa ameshika gongo lililookotwa kwenye benchi.

"Mimi ndiye niliyesema amenunuliwa," alisema. Alisema kwa Kiingereza chake cha saluni, bila kupiga kelele, kwa kuwa sauti haikuwepo tena. "Mimi, kwenye kibanda cha chai. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hasira kama ninyi. Huyu mtu haoni upande wa kushoto. Aliumia mazoezini, akiichezea timu yenu, na amekuwa akicheza hivyo msimu mzima."

"Dada Sia, acha," Pandu alisema nyuma yake, kwa Kiswahili. "Uliapa."

Hakuacha. Aliwaeleza yote, jicho, daktari, pazia, maana ya lile chini na juu.

Mwenye gongo alisema ni uongo, kila mwizi ana ugonjwa akikamatwa. Rajen alikuwa amefika, akihema, fimbo ya ngoma ingali mkononi. Akaomba nafasi. Akamwendea Pandu, akamvua kofia ya chuma kwa heshima kama anayemvua mgonjwa, akamwambia, Sia akitafsiri, atazame mbele, kwenye jukwaa, asigeuze kichwa. Kisha akaiinua fimbo kando ya sikio lake la kushoto na kumwuliza anaona nini.

Pandu aliendelea kutazama mbele. Rajen akaisogeza fimbo mbele, polepole. Ikapita usawa wa sikio, ikapita usawa wa jicho. Wanaume kumi na zaidi walikuwa wamemzunguka, na hakuna aliyekohoa. Fimbo ilipokaribia kugusa pua Pandu alishtuka akarudisha kichwa nyuma.

"Hiyo," alisema. "Fimbo."

Machozi yalikuwa yakimtoka, ya aibu zaidi ya kitu kingine chochote. Mwenye gongo aliliweka chini kwenye kapeti, taratibu, kana kwamba lingevunjika. Kijana wa koti la buluu aligeuka akaenda zake, na wengi wakafuata hivyo hivyo. Hakuna aliyeomba radhi siku ile. Rajen peke yake alibaki, akachukua mfuko wa golikipa na kuutia begani.

Mambo yalikwenda kama Pandu alivyoogopa. Habari zilifika kwa wenye timu kabla ya Jumatatu, na wiki haikwisha mkataba wake ukavunjwa. Tajiri wa meli naye akajitoa, akasema hoki haina faida. Rajen alimpeleka Pandu hospitali ya serikali kwa basi lake, akamngojea, akarudi naye tena na tena mpaka walipompa kitanda. Walimpasua Septemba. Madaktari walisema angechelewa kidogo tu wasingekuwa na cha kuokoa. Sehemu ya pazia iliondoka, sehemu ikabaki.

Sia alikwenda wodini na uji wa chupa. Pandu alimtambua kwa hatua zake, akageukia ukutani. Alikwenda mara ya pili, ikawa vile vile. Baada ya hapo Léonidas alikipeleka chakula yeye, akakaa naye saa nzima akimweleza habari za simu mpya, na aliporudi hakusema walichozungumza, na Sia hakuuliza. Usiku alikuwa akijibishana na nafsi yake. Alimtaja kwa uongo, mtu akanusurika kuuawa. Akamtaja kwa ukweli, mtu akapoteza kazi na nchi. Na kiapo alikivunja mbele ya watu. Angerudi pale golini angekivunja tena, na kujua hivyo hakukumpa usingizi.

Januari, asubuhi ya siku ya kazi, saluni ikiwa haina mteja, Pandu alisimama mlangoni. Alikuwa amevaa miwani na amebeba begi. Sia aliweka chini kitana.

Alikuja kuaga, alisema. Kibali kilikuwa kimekwisha, na basi la Maputo linaondoka mchana. Kutoka huko atajua njia ya kufika Unguja. Sia alimkaribisha kiti, akampa chai.

"Bado nina hasira na wewe," Pandu alisema.

"Najua."

"Nilikuomba kitu kimoja tu." Alizungusha kikombe. "Na nitamwona mama kwa macho mawili. Hilo nalo lipo. Yote mawili yapo, dada Sia, na sijui niyaweke wapi."

Sia alisema naye hajui. Hakumwomba msamaha tena, alikuwa amekwisha kumwomba wodini, akiutazama mgongo wake, na aliamini alimsikia. Alimsindikiza mpaka kituoni. Walipofika kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, Pandu alisimama mwenyewe, akageuza kichwa kizima kuangalia magari, kisha wakavuka.

Aprili Rovers walianza ligi ya chini kwa nguvu za wazazi na mashabiki, kwenye uwanja wa nyasi wa shule moja kule Chatsworth. Rajen alikuwepo na ngoma yake. Sia alikwenda, na safari hii Léonidas alikwenda naye, akiwa na mwavuli, akiuliza kila filimbi ilikuwa ya nini. Rovers walifungwa. Njia nzima ya kurudi South Beach Sia hakuacha kulalamika juu ya beki wa kulia.